Herufi Moja: Kuyasoma Majina ya Mahali Katika Karatasi za Ukoo

Kuna swali ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili amewahi kuulizwa nyumbani kwao: masomo hayo yatakufaa nini? Wengine hujibu kwamba watakuwa walimu, wengine watangazaji, wengine wafasiri. Katika ukoo wetu, unaoishi katika nchi ya chai kati ya Kericho na Bomet, swali hilo lilinijia kwa sura nyingine. Niliwekewa karatasi kuukuu, nikaambiwa: "Wewe ndiwe unayesomea lugha. Tusomee neno hili." Neno lenyewe lilikuwa jina la mahali. Lina herufi nane, na saba kati ya hizo hazikuwa na utata wowote. Insha hii inahusu ile moja iliyobaki.

Ninaandika kwa sababu ninaamini kwamba jambo hili si la ukoo wetu peke yake. Katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki zimo sandukuni hati za ubatizo, stakabadhi za kodi, barua na vyeti vya kazi vilivyoandikwa kwa mkono na watu tusiowajua, na ndani yake mna majina ya mahali ambayo wajukuu hawawezi kuyasoma. Hoja yangu ni kwamba jina la aina hiyo lina mashahidi watatu: sikio lililolisikia, mkono uliolitia katika wino, na kinywa kinacholitamka hadi leo. Anayetaka kulisoma hana budi kuwahoji wote watatu, kila mmoja peke yake, kama hakimu afanyavyo.

Karatasi Yenyewe

Karatasi hiyo ni kipande cha babu wa baba yangu. Kwa kizazi chetu, kipande ni sehemu tu ya kitu: kipande cha mkate, kipande cha kitambaa. Kwa wazee wetu neno hilo lilikuwa chungu. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mnamo 1919 na 1920. Kila mwanamume aliyefikisha umri wa miaka 16 alilazimika kuandikishwa, kuchukuliwa alama za vidole, na kubeba cheti chake kila alikokwenda kutafuta kazi, aghalabu ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri alijaza humo siku aliyomwandika mtu kazi, ujira wake, na siku aliyomwachilia. Aliyeondoka bila kutiwa sahihi ya kuachiliwa alihesabiwa kuwa mtoro, na aliyekutwa bila kipande alitozwa faini au kufungwa. Utaratibu huo uliendelea hadi miaka ya 1940.

Ajabu ni kwamba chombo kilichotengenezwa ili kumzuia mtu kwenda atakako ndicho leo kilichohifadhi jina lake, rika lake na mahali pake. Babu hakuacha shajara wala barua. Aliacha kipande, nacho kina tarehe ya mwaka wa 1928. Maandishi ya chapa bado yanasomeka vyema, lakini wino wa mkono umegeuka rangi ya kutu. Pa wilaya pameandikwa Kericho. Pa kabila pameandikwa Lumbwa. Pa rika la tohara pameandikwa Maina. Na pa lokesheni, yaani eneo la chifu, pana neno ambalo laweza kuwa Chemosit au Chemosot.

Msomaji wa mbali ataona kuwa hilo ni jambo dogo. Chemosit ni mto unaoteremka kutoka upande wa msitu wa Mau na kuipita nchi ya chai, na pia ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu ya kutoka Kericho kwenda Litein na Sotik. Chemosot iko Bureti, upande wa Litein, na leo ni jina la wadi. Mtu mwenye miguu yenye nguvu anaweza kuamka kumoja na kulala kwingine. Hata hivyo, baina ya majina hayo ulipita mpaka wa aina nyingine. Mnamo 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Kericho kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa vitani, wapate kulima kitani. Mradi huo ulianguka baada ya miaka michache, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay, zikaingia. Nchi ya kingo za juu za Chemosit ikawa mashamba ya chai. Chemosot ikabaki katika rizavu ya Wakipsigis. Kwa hiyo herufi moja, i au o, ilionekana kuwa na uzito wa kuamua kama ukoo wetu uliondolewa katika ardhi yake au ulikuwa rizavu tangu hapo.

Jambo hili lilikuwa limeacha kuwa la udadisi tu. Mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilitoa uamuzi uliotambua kwamba Wakipsigis na Watalai wa Kericho na Bomet walitendewa dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi. Mwezi wa Agosti 2022 malalamishi yao dhidi ya Uingereza yakapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Koo nyingi zilianza kufungua masanduku. Ndugu mdogo wa baba yangu, ambaye kwa desturi yetu namwita Baba vilevile, alikuwa akikusanya maelezo ya ukoo wetu ili yaandikwe na kutiwa sahihi na wazee. Yeye alikuwa amekwisha kuamua.

"Hii ni i," aliniambia. "Chemosit. Iandike hivyo."

"Baba, nipe siku chache niichunguze."

"Ichunguze, lakini ujue tunachokitafuta."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niogope. Anayejua anachokitafuta hukiona hata mahali ambapo hakipo.

Sikio la Karani

Nilianza na shahidi wa kwanza. Karani aliyejaza kipande hakuweka jina lake, lakini inawezekana kukisia sikio lake lilivyokuwa. Shule ya serikali ya Kabianga ilifunguliwa mwaka wa 1925. Kwa hiyo, mnamo 1928 vijana Wakipsigis waliosoma kiasi cha kushika kalamu ofisini walikuwa wachache mno. Yamkini karani huyo alitoka kwingineko, akazungumza na babu kwa Kiswahili, na kuyasikia majina ya Kikipsigis kama mgeni asikiavyo.

Kikipsigis ni mojawapo ya lugha za Kikalenjin, za jamii ya Kiniloti cha Kusini. Sisi tunaosoma fonolojia tunajua kwamba katika Kiswahili p na b ni fonimu mbili: pata si bata. Hali kadhalika k na g, t na d, ch na j. Katika Kikalenjin sauti ghuna na zisizo ghuna katika jozi hizo hazitofautishi maana. Sauti ileile hutamkwa nzito inapokuwa katikati ya vokali na nyepesi inapokuwa pengine. Msemaji mwenyewe haoni tofauti. Mgeni huiona, na kila mgeni huiandika apendavyo. Ndiyo maana katika maandishi ya zamani tunakuta Kipsigis na Kipsikis, Chepalungu na Chebalungu. J. G. Peristiany, aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wakipsigis mwaka wa 1939, aliandika Peelkut pale ambapo sisi leo tunaandika Belgut, na Puret pale tunapoandika Bureti. Anayetafuta Belgut katika faharasa ya kitabu cha kale kwa kufungua herufi B peke yake atarudi mikono mitupu.

Isitoshe, vokali za Kikalenjin hutofautiana kwa urefu na kwa mkao wa mzizi wa ulimi, ilhali alfabeti tuliyonayo ina vokali tano tu. Kisha kuna ng', sauti ambayo wengi huiandika bila ile alama yake, hata Ng'etuny, jina litokanalo na simba, likawa Ngetuny. Vilevile, mtu aliyelelewa katika silabi wazi za Kiswahili hupata shida neno linapoishia kwa konsonanti. Sishangai kuona Buret na Bureti zikiishi bega kwa bega hadi leo.

Kampuni nazo zilikuwa na masikio yao. Anayepita katika nchi ya chai atakuta mahali panapoitwa Kimulot na kiwanda kinachoandikwa Kymulot. Atakuta pia Chomogonday, yenye ile y ya mwisho ambayo hakuna mwalimu wa Kikalenjin wala wa Kiswahili angeiweka hapo. Tahajia hizo ni sikio la Mwingereza lililogandishwa katika vibao na magunia ya chai.

Je, sikio lilitusaidia? Lilitusaidia kwa kujiondoa. Chemosit na Chemosot hazina p wala k wala ng'. Vokali i na o ziko mbalimbali kinywani: moja hutamkwa mbele na midomo imetandazwa, nyingine nyuma na midomo imeviringwa. Hakuna mgeni, hata awe mzito wa masikio namna gani, anayezichanganya hizo mbili. Kwa hiyo, utata wetu haukutokana na kusikia. Ulitokana na wino.

Mkono wa Karani

Mwandiko wa kuunganisha herufi uliofundishwa zama hizo ni mzuri kwa macho na mgumu kwa msomaji. Ndani yake n na u ni mapacha. Herufi w ikilegea huwa u na r, na hivyo Tenwek ikageuka Tenurek. Herufi t isiyokatwa mstari hufanana na l, na hapo Kapkatet husomeka kama jina ambalo halijawahi kuwako duniani. K kubwa huvaa nguo za H au R. Herufi a iliyoachwa wazi juu huwa u, na o iliyobanwa huwa i isiyo na nukta.

Njia niliyoifuata ni rahisi, na mtu yeyote anaweza kuitumia. Kwanza, usilitazame neno lenye utata. Tafuta katika karatasi hiyohiyo maneno ambayo hayana shaka, yaliyoandikwa na mkono uleule, uyatumie kama alfabeti ya mwandishi huyo. Nami nilikuwa nayo manne: Kericho, Lumbwa, Maina, na Sotik, kwa kuwa kibarua cha kwanza cha babu kilikuwa kwa mlowezi wa Sotik na karani huyohuyo ndiye aliyekiandika upande wa nyuma, kwa wino uleule.

Pili, chora kila herufi katika karatasi nyingine kama ulivyoiona, bila kujali ulichotarajia. Niliona kwamba karani wetu alikuwa mwangalifu wa nukta. Katika Kericho i ina nukta, katika Maina ina nukta, katika Sotik ina nukta, na kila mara nukta imesogea kidogo kuliani kwa sababu mkono ulikuwa na haraka. Katika neno letu hakuna nukta. Hilo pekee halikutosha, maana karatasi ina doa na mkunjo hapo juu, na nukta ni kitu kidogo kinachoweza kufutika.

Tatu, tazama jinsi herufi inavyoagana na ile inayoifuata. Herufi i huanzia juu na kumalizikia chini, kwa hiyo uzi unaoiunganisha na jirani yake hutoka chini mstarini. Herufi o hufungwa juu, kwa hiyo uzi wake hutoka juu. Nilichukua kioo cha kukuzia na kuiweka kando kwa kando silabi ya kwanza ya Sotik na silabi ya mwisho ya neno letu. Katika Sotik uzi unaoiendea t unatoka juu. Katika neno letu unatoka juu, kwa mwinamo uleule. Doa lilikuwa limelifunika tumbo la herufi, lakini halikuufunika uzi.

Mkono wa karani ulisema o. Babu wa baba yangu, kwa mujibu wa kipande chake, alikuwa mtu wa Chemosot.

Jina Moja, Mahali Pengi

Kabla ya kupeleka habari hiyo nyumbani niliona ni lazima nijiulize swali la pili, ambalo watafiti wa historia za koo hulisahau wanapofurahia kulisoma neno: jina hili lilimaanisha nini siku lilipoandikwa? Kusoma herufi ni nusu ya kazi.

Tuchukue lile neno Lumbwa lililoandikwa pa kabila. Wakipsigis hawakujiita hivyo. Ni jina walilopewa na watu wengine, nalo likaingia katika ofisi za serikali. Kulikuwa pia na stesheni ya Lumbwa katika reli ya Uganda, reli iliyofika Kisumu mwaka wa 1901. Mahali hapo leo panaitwa Kipkelion. Tena jina hilohilo lilitumiwa kwa wilaya. Kwa hiyo anayekuta Lumbwa katika hati ya ubatizo ya bibi yake lazima atazame limeandikwa katika safu gani, kwa maana linaweza kuwa kabila, stesheni au wilaya.

Sotik nayo ni vivyo hivyo. Kwa mwanajeshi Mwingereza wa mwaka wa 1905, ulipofanywa msafara wa kuwaadhibu watu wa huko, Sotik ni watu. Kwa mlowezi ni mashamba yake. Kwa msafiri wa leo ni mji. Kisha kuna majina yaliyozaliwa mara nyingi. Kapkoros ni mahali pa ibada na sadaka, na kwa kuwa ibada ilifanywa katika vilima vingi, jina halikosi kujirudia. Simotwet ni aina ya mkuyu, na panapoota mkuyu wa kutosha kuwakusanya watu kivulini hapakosi mtu wa kupaita Simotwet. Hata Chemosit yenyewe ina maana nyingine: katika hadithi za Wakalenjin ni zimwi la kutisha watoto usiku, na A. C. Hollis alilitaja katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka wa 1909. Kwa upande mwingine, karibu na mji wa Kericho kuna kituo kiitwacho Brooke, ambacho jina lake limetokana na kampuni ya chai. Mjukuu wa mwaka wa 2100 atakayelikuta katika cheti huenda akatafuta mzee aliyeitwa Brooke katika ukoo wake.

Mipaka nayo haikutulia. Kericho ilikuwa chini ya Mkoa wa Nyanza hadi wakati wa uhuru mwaka wa 1963, ndipo ikawekwa katika Bonde la Ufa. Bomet ilikuwa sehemu ya Kericho hadi ilipopewa wilaya yake mwaka wa 1992, na tangu 2013 zote mbili ni kaunti. Anayekwenda katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi kutafuta habari za babu yake wa Bomet ya mwaka wa 1930, kisha akaagiza majalada ya Bonde la Ufa, atakaa siku nzima akisoma habari za watu wengine.

Na lokesheni je? Hapa ndipo nilipopata fundo. Nafasi hiyo katika kipande haikuuliza mtu alizaliwa wapi, wala baba yake alizikwa wapi. Iliuliza mtu huyu ahesabiwe chini ya chifu gani siku ya kuandikishwa. Ni anwani ya mtawaliwa, wala si asili yake. Kipande kilitiwa tarehe ya 1928, miaka tisa baada ya ardhi ya maafisa wale kutengwa. Kilikuwa kimya kabisa kuhusu miaka iliyotangulia.

Kinywa cha Kogo

Shahidi wa tatu ni binti wa mwenye kipande, shangazi wa baba yangu, ambaye ametimiza zaidi ya miaka 85 na ambaye sisi sote tunamwita Kogo, yaani nyanya. Nilikwenda kwake bila karatasi. Sikumuuliza kama ni Chemosit au Chemosot, kwa kuwa swali lenye majibu mawili humlazimisha mzee kukuchagulia moja, naye kwa ukarimu wake hukupa lile analoona litakufurahisha. Nilimsalimu, "Chamgei, Kogo," tukazungumza habari za mvua na bei ya majani chai, ndipo nikamuuliza baba yake alikuwa akichunga wapi alipokuwa mvulana, na mifugo ilinyweshwa maji gani.

"Ng'ombe wa kwetu walikunywa Chemosit," alisema pasipo kusita. "Baba alikuwa wa kuchunga ndama walipoambiwa wavuke."

"Wavuke kwenda wapi, Kogo?"

"Chemosot, kwa wajomba zake. Huko ndiko alikotahiriwa, na huko ndiko alikopewa kile kibati cha shingoni."

Nilinyamaza kidogo, kisha nikamwambia kwamba wako wanaodhani kipande kiliandikwa Chemosit. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji hayapandi mlima.

"Angeandikwaje wa mahali alikokwisha kuondolewa?"

Alipoyatamka majina yale mawili hayakufanana hata kidogo. Kinywani mwake yalikuwa mbali kama yalivyo mto na kijiji. Nilimwomba ayarudie nikiwa nimewasha kinasa sauti cha simu, akayarudia, kisha akaendelea bila kuulizwa: kokwet, yaani ujirani, wa kwao ulikuwa upi, nyumba zilizokuwa zikipakana na yao ni za nani, na ni kilima gani waliona jua likichomoza nyuma yake. Yote hayo hayamo katika kipande. Hakuna nafasi ya chapa iliyoachwa kwa ajili yake.

Tulichoandika

Nilipomrudia Baba nilimweleza kwa utaratibu: nukta, uzi wa o, maana ya lokesheni, tarehe, na maneno ya Kogo. Hakupendezwa mwanzoni.

"Kwa hiyo karatasi inatupinga," alisema.

"Haitupingi, Baba. Tungeisoma Chemosit ndiyo ingetupinga. Ingesema kwamba mwaka wa 1928 babu alikuwa bado yuko kwao, hakuondolewa na mtu."

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Hatimaye alitaka aone mwenyewe, nami nikampa kioo. Aliitazama Sotik, akaitazama Chemosot, akairudia Sotik.

Katika maelezo ya ukoo tuliandika mambo mawili katika aya mbili tofauti. Aya ya kwanza inasema kipande cha mwaka wa 1928 kinamtaja babu kuwa wa Chemosot, na inaeleza jinsi herufi ilivyosomwa. Aya ya pili inasema binti yake anashuhudia kwamba makao ya awali yalikuwa kando ya Chemosit, na kwamba waliondolewa baba yake akiwa mvulana. Hatukulichanganya la karatasi na la kinywa. Msomaji wa maelezo yetu, awe wakili, hakimu au mjukuu wetu, ataweza kupima kila ushahidi kwa mizani yake. Iwapo yatafaa kitu mbele ya sheria, sina uwezo wa kuahidi. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna sentensi ndani yake itakayotuaibisha ikichunguzwa.

Wako waliopata taabu kubwa kuliko sisi. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha Watalai kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, kwa sheria iliyotungwa mahsusi kwa ajili yao. Karatasi za watoto waliozaliwa huko zina jina la Gwassi, na karatasi hizo hazisemi uongo. Hata hivyo, anayezisoma bila kuuliza ataamini kwamba hapo ndipo kwao. Hivyo ndivyo jina lililoandikwa sawasawa linavyoweza kuficha zaidi ya jina lililokosewa.

Kwa wenzangu katika chama hiki nina ombi moja. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, nao wazee wanaoyajua majina haya wanazidi kupungua. Likizo ijayo, kila mmoja wetu atakapokuwa kwao, aombe kuona karatasi za zamani za nyumbani, azipige picha mbele na nyuma, na ayanakili majina ya mahali herufi kwa herufi pasipo kuyasahihisha. Kisha aende kwa mzee wa kwao bila karatasi hizo na kumwuliza habari za maji, miti, vilima na majirani. Fonolojia tunayoifanyia mtihani na tahajia tunayobishania darasani zitakuwa zimepata kazi. Sisi tunayo kazi nyingine tayari: upande wa nyuma wa kipande, chini ya Sotik, kuna jina la mwajiri wa pili na la mahali alipokuwa, kwa mkono mwingine, wa haraka na mbaya zaidi. Linaanza kwa herufi ambayo huenda ni K au R. Kogo amesema nimwendee Jumamosi.